Kocha Aliyehamia Dunmore

Mchungaji, wazee wa kanisa, ndugu, jamaa na majirani, pamoja nanyi wageni wetu mliotoka Dunmore na kubanana katika safu zile tatu za kulia kwa sababu upande wa kushoto hakuna aliyetaka kuwapisha, naitwa Dewey Tackett, mtoto wa kwanza wa marehemu, na nimesimama hapa kwa niaba ya familia kuwasomea historia ya baba yetu, Kocha Royce Hollis Tackett. Dada yangu Maribeth aliandika ukurasa mmoja mzuri, wenye tarehe zote na usio na neno la kumuudhi mtu, ninao hapa mfukoni, na ninamwomba radhi mbele yenu kwa sababu sitausoma huo, nitasoma wangu.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 katika kijiji cha Pickerell, hapa hapa jimbo la Mississippi, akiwa mtoto wa nne kati ya watoto saba wa Bwana Hollis Tackett, mkata magogo, na Bibi Ola, aliyefua nguo za watu, na kwa maelezo ya shangazi zangu alikuwa mtoto asiyekubali kushindwa hata mbio za kwenda kisimani, akishindwa alisema hakuwa anakimbia.

Kielimu, marehemu alisoma shule ya msingi Pickerell kuanzia Septemba 1947, akaendelea na sekondari katika mji wa Harlow hadi Mei 1959, akiwa nahodha wa timu, kisha akachukuliwa na chuo chetu cha Ansley kwa ajili ya mpira, huu wetu wa Kimarekani wa kurushwa kwa mikono, akasoma elimu ya viungo na kuhitimu tarehe 2 Juni 1963, alama zake sitazisoma kwa sababu hata yeye alizificha. Lakini naomba mkumbuke hilo, kwamba alikuwa mtoto wa chuo hiki, alivaa kijani cha timu yetu kabla wengi wenu mliopo hapa hamjazaliwa, kwa sababu huko mbele ndiko kunakouma.

Katika utumishi wake, marehemu alifundisha mpira katika shule tatu za sekondari, akarudi Ansley mwaka 1971 kama kocha msaidizi, na tarehe 1 Januari 1977 akakabidhiwa timu akiwa kocha mkuu, akaiongoza misimu kumi na miwili, akashinda michezo mia moja na mmoja, na katika ile mechi ya Jumamosi ya mwisho ya Novemba, ambayo watu wa jimbo hili hupanga harusi na upasuaji kwa kuikwepa, aliwafunga mahasimu wetu, chuo cha Dunmore, mara tisa kati ya kumi na mbili. Mji ulimpenda kupita kiasi, kinyozi hakumtoza, mtaa wa nyuma ya mahakama ukapewa jina lake, na wapo wazee katika kanisa hili, sitawataja, waliowapa watoto wao jina la Royce, kisha baadaye wakaanza kuwaita kwa majina ya katikati.

Kuhusu ndoa, marehemu alifunga pingu za maisha na mama yetu, Verna Sudduth, mwalimu wa hesabu, Jumamosi tarehe 12 Juni 1965, mwezi uliochaguliwa na mama mwenyewe kwa kuwa hauna mechi, na Mungu akawajalia watoto wawili, mimi mwaka 1968 na Maribeth mwaka 1972, na tulikulia katika nyumba ile ya matofali mekundu ambayo jikoni mwake kulikuwa na meza moja, na meza hiyo ndiyo iliyoona yote nitakayoyasema.

Ninyi mnaotoka katika nyumba za wachezaji mnajua desturi yetu ya kusajili vijana, kocha mkuu huja mwenyewe nyumbani, hufuta viatu mlangoni, huketi sebuleni na kula kila alichopika mama hata kama tumbo limejaa, kisha humtazama mama machoni na kutoa ahadi. Nilipokaribia kumaliza sekondari nilimwambia baba sichezi Ansley mpaka anisajili kama anavyosajili watoto wa wenzake, naye akacheka, akakubali, na Alhamisi tarehe 16 Januari 1986 alitoka kwa mlango wa nyuma, akazunguka nyumba, akabisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe akiwa na koti la kijani na jalada mkononi, mama akampikia kuku wa kuchemsha na matonge ya unga na pai ya njugu kama mgeni, akamwita Kocha, naye akamwita Bi. Tackett, Maribeth akicheka mpaka akajificha nyuma ya kochi. Alipomaliza pai alifuta mdomo, akamtazama mkewe, akasema maneno aliyowaambia akina mama wote wa jimbo hili.

"Bi. Tackett, nipe huyu kijana, nitamtunza kama mwanangu wa kumzaa."

Tulicheka sana siku hiyo, na nilitia saini.

Mwezi Agosti 1988, nikiwa mrushaji wa timu, yule anayeanza na mpira na kuwarushia wenzake, namba kumi na mbili, niliteguka goti la kushoto mazoezini, na kwa kuwa katika mji huu jeraha la mrushaji hufichwa kuliko mimba, Mchungaji anisamehe, baba aliamua wajue watu watatu tu, yeye, mama na mimi, hata daktari wa timu hakuambiwa. Kila Ijumaa baada ya chakula cha jioni nilikaa juu ya ile meza ya jikoni, baba akanifunga bendeji mwenyewe, pole pole, mizunguko kumi na moja, mama akishika mkasi, na mimi sijawahi kuguswa na baba yangu kwa upole kama nilivyoguswa Ijumaa zile. Tulicheza hivyo msimu mzima, na tarehe 26 Novemba tukawafunga Dunmore ishirini na nne kwa kumi.

Siku tisa baadaye, Jumatatu tarehe 5 Desemba 1988, nilikuwa kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa upande mmoja, akaingia mtu akasema ndege yenye mistari ya rangi ya chungwa imetua kwenye uwanja wetu mdogo wa ndege, na hakuna aliyeuliza ni ya nani, maana tajiri mmoja tu wa mbao kule Dunmore alikuwa na ndege ya rangi hiyo ya timu yao. Kinyozi akafungua redio, tukasikia kwamba baba amekubali kuwa kocha wa Dunmore, na kila mtu katika chumba kile akanigeukia mimi, naye kinyozi akazima mashine na kuniambia nimalizie kunyoa nyumbani. Saa kumi jioni baba aliiita timu, akasema anatupenda sote, akasema wito ni wito, akazungumza dakika tisa, na mmoja wetu alipomuuliza kama anafundisha mechi yetu ya mwisho ya likizo alitazama saa yake, ndege ilikuwa ikimngoja, akaondoka, na mimi mwanawe niliagana naye pamoja na wachezaji wengine, kwenye foleni, kwa kupeana mkono.

Mnaoijua miji yetu hamtashangaa kwamba kesho yake asubuhi ua wetu ulikuwa umechomekwa vibao arobaini vya kuuza nyumba, jina la mtaa likang'olewa kabla ya Krismasi, na mbwa wetu akapakwa rangi ya chungwa. Mama alimwosha mbwa, akakusanya vibao vyote, na masika yaliyofuata akavitumia kusimamishia nyanya. Alikataa kuhamia Dunmore, alikataa pia talaka, aliendelea kufundisha watoto wa watu walewale waliomchomekea vibao, na Jumapili ambazo hapakuwa na shughuli za timu baba aliendesha gari maili tisini kuja kula, na mama akamwekea sahani mahali pake.

Msimu wa 1989 ni mama aliyenifunga bendeji, mizunguko kumi na moja ileile. Tarehe 25 Novemba tulikwenda Dunmore, katika uwanja wao wa watu elfu themanini, na kufika mapumziko tulikuwa tunaongoza kumi na saba kwa kumi na tatu. Kipindi cha kwanza chote walinivamia kama mrushaji yeyote anavyovamiwa, juu, kifuani, na sikulalamika. Baada ya mapumziko, walinzi wao walianza kuja chini, kutoka kushoto, kwenye goti, mara ya kwanza nikasema ni bahati mbaya, mara ya pili nikaangalia benchi lao, mara ya tatu goti likageuka upande ambao goti haligeuki, na nilisikia sauti yake kabla ya kusikia maumivu. Walinibeba kwa machela mbele ya benchi la Dunmore, nikapita karibu na baba kiasi cha kuweza kumshika suruali, naye alikuwa akisoma karatasi yake ya mbinu za mchezo. Walishinda ishirini kwa kumi na saba, na sikucheza tena mpira, na mmeniona nilivyopanda ngazi hizi tatu sasa hivi.

Jumapili ya wiki hiyo baba alikuja, akasimama jikoni na kofia mkononi, akaapa kwamba hakumwambia mtu neno lolote kuhusu goti, na mama alimsikiliza mpaka mwisho, akanigeukia na kuniambia baba yako amesema hakusema, basi, na habari ile isirudiwe katika nyumba hii. Haikurudiwa. Tangu siku hiyo mama hakumwekea tena sahani, akija alijipakulia mwenyewe, na mimi nilidhani ni hasira ya kuhama. Mama alifariki tarehe 3 Aprili 2011, na kwa miaka thelathini na nne nimeuza matairi ya matrekta katika mji huu nikijiuliza swali moja tu, ni nani aliyesema, kwa sababu tulijua watatu, na mtu akijua jibu la swali hilo anajua kama alikuwa na baba au hakuwa naye.

Huko Dunmore marehemu alifundisha misimu kumi na minne, akachukua ubingwa wa taifa mwaka 1994, akasimamishiwa sanamu, na alistaafu kwa heshima zote tarehe 31 Desemba 2002, hayo wageni wetu watayaeleza vizuri zaidi yangu.

Kuhusu ugonjwa wake, marehemu alianza kusahau mwaka 2019, akapotea mara mbili na gari, na Februari 2022 nilimchukua nikakaa naye nyumbani kwangu hapa Ansley, na mliniambia nina moyo mzuri, mkaniletea pongezi mpaka kazini, mkanivisha kilemba cha ukoka. Hii ndiyo sehemu niliyomwombea Maribeth radhi. Asubuhi moja ya mwezi Machi baba aliamka akadai koti lake la kijani, akisema amechelewa mazoezi, vijana wanamsubiri, alikuwa amesahau Dunmore yote, sanamu na ubingwa na ile ndege, na mimi nikiwa nimeshika bakuli lake la uji wa mahindi nikamwambia, bila kufikiri, baba, hufundishi tena Ansley, uliondoka, ulikwenda Dunmore. Nikaona uso wake unavyoporomoka. Aliniuliza, na vijana je, nani aliwaambia, kisha akalia kama mtu aliyepokea habari za msiba, na mimi, ndugu zangu, nilisikia raha. Sikuwa nimeisikia raha ile tangu nikiwa na miaka ishirini.

Kesho yake alikuwa amesahau, nikamwambia tena. Keshokutwa yake pia. Nilifanya hivyo kila asubuhi kwa mwaka mmoja na miezi saba, uji, kahawa, dawa, na ile habari, nikimsubiri amalize kumeza ili asipaliwe, na nyinyi mkipita barabarani mlikuwa mnatupungia mkono barazani. Maribeth alikuja kututembelea mwezi Juni mwaka huu, akashuhudia, akanivuta jikoni, akaniambia, "Dewey, unamuua baba kila siku," nami nikamjibu kwamba mimi aliniua mara moja tu lakini aliniua vizuri. Aliondoka bila kuniaga, na leo ni mara ya kwanza tunaonana.

Tarehe 5 Oktoba baba alishikwa na nimonia, daktari akatuambia hakuna haja ya kumpeleka popote, na Ijumaa tarehe 13 asubuhi nilimwinua kwenye mito, nikampa vijiko viwili vya uji alivyoweza, nikamwambia kama kawaida kwamba aliondoka Ansley, alikwenda Dunmore. Hakulia. Alinitazama kwa macho yale ya zamani, ya kocha anayetazama timu pinzani ikijipanga.

"Najua, mwanangu," akasema. "Hata jana umeniambia."

Nilibaki na kijiko hewani. Akaniambia kwamba zipo siku anasahau kweli, na zipo siku hasahau, na zile asizosahau ananiacha nimalize, akaongeza kwamba hajaona kitu kingine ninachokitaka kutoka kwake, na hicho angalau alikuwa nacho. Ndipo nikamuuliza lile swali. Sikuzunguka, nilimuuliza kama ni yeye aliyelitaja goti.

"Ni mimi. Lyle, kocha wangu wa walinzi, aliniuliza wakati wa mapumziko, huyu kijana wako pabovu ni wapi. Ningeweza kusema sijui. Tulikuwa nyuma kwa pointi nne, nikasema goti la kushoto."

Nikamwambia mama alikufa akimwamini. Akatikisa kichwa.

"Mama yako alijua tangu nilipovua kofia. Hakutaka tu ukose baba. Mimi sikupata sahani tena."

Alipumzika, pumzi ilikuwa inakoroma, nikadhani amelala, kisha akasema, bila kufumbua macho, maneno ambayo nimeyaandika hapa ili nisiyatie chumvi.

"Akina mama wangapi niliwaahidi, nitamtunza mwanao kama wangu. Watoto wao niliwatunza, Dewey, hakuna hata mmoja niliyemfanyia hivyo. Mtoto wa mtu nisingethubutu. Wewe ulikuwa wangu."

Jumamosi tarehe 14 Oktoba niliamka, nikapika uji, nikampelekea. Alikuwa macho, amejiweka sawa kwenye mito, amekunja mikono, anasubiri. Nilimlisha, nikamfuta mdomo, nikampa dawa yake, naye akaendelea kunitazama.

"Leo huniambii?"

"Leo sikwambii."

Akalia, na sikuwahi kumwona akilia namna ile katika asubuhi zile zote, aliushika mkono wangu na kuuvuta kama anayeomba kitu, na mimi niliuacha mkono ule pale lakini sikusema. Kuna watakaotoka hapa wakisema Dewey alimsamehe baba yake, na kuna watakaosema hicho ndicho kitu cha kikatili kuliko vyote nilivyomfanyia, na mimi nimelala siku tatu juu ya jambo hilo na sijui, nilijua anachokitaka na nilimnyima, nilikuwa pia nimechoka, na alikuwa baba yangu. Aliaga dunia siku hiyo hiyo saa tisa na dakika arobaini alasiri, redio ikiwa inatangaza mechi ya Ansley, na wapo mlionipigia simu kuniuliza kama kweli isingewezekana kungoja matokeo.

Familia inatoa shukrani za dhati kwa daktari aliyemtibu nyumbani bila kutudanganya, kwa muuguzi Bi. Odessa Whitlow aliyemgeuza na kumwosha na aliyeyasikia mengi na kunyamaza, kwa majirani walioleta vyakula vya viazi na jibini kiasi kwamba friji langu halifungiki, na kwa wenzangu wa duka la matairi waliochimba kaburi pembeni ya mama kwa mikono yao, ingawa walisema wazi kwamba wanamchimbia mgeni wa Bi. Verna, sio Kocha. Tunawashukuru wageni wetu kutoka Dunmore kwa lile shada la maua ya rangi ya chungwa, ambalo naona mtu ameligeuzia ukutani, naomba aliyeligeuza aligeuze tena, leo tu. Kwa namna ya pekee tunamshukuru Kocha Lyle Crenshaw, aliyesafiri maili tisini akiwa na umri wa miaka themanini na mbili na fimbo, ndiye yule katika safu ya pili anayetazama viatu vyake. Kocha, huna haja ya kutazama chini, wewe uliuliza tu.

Maribeth, ukurasa wako nitauweka ndani ya jeneza, usomwe na anayestahili kuusoma.

Baba, haya nimewaambia wao. Wewe sikwambii tena. Pumzika kwa amani.